Posho ya Siku Tano na Nusu

Mbwa aliitwa Meneja. Jina hilo alipewa na binti wa mwenye nyumba, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kuzunguka uani kila asubuhi, ananusa kila kona kama mtu anayekagua kazi za wenzake, kisha anarudi kulala. Baba mtu hakulipenda hata kidogo. Alikuwa ametumikia mameneja saba katika maisha yake, na hakutarajia kwamba atastaafu halafu awe anasimama mlangoni kila jioni akiita, "Meneja! Meneja! Njoo ule."

Mwenyewe majirani walimwita Mzee Kipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza ghala la chakula la chuo, na kipimo chake kilijulikana: kopo likishajazwa unga, alipitisha rula juu ya mdomo wake, ziada ikarudi guniani. Wapishi walimbembeleza, wakamnunia, wakamtungia nyimbo za kejeli, na rula ikapita vile vile. Hakuiba wala hakuibiwa. Alipostaafu, yeye na aliyempokea walikaa siku mbili wakipima kila kilichokuwamo, maana ghala halikabidhiwi kwa maneno matupu, na mwisho wa yote ikaonekana chumvi imepungua nusu kilo. Chumvi hiyo ilimnyima raha kwa miaka.

Ukimsikia hivi utadhani ni mtu mkavu, na wala hutakosea sana. Hata nyumbani kwake mambo yalitoka kwa kipimo. Hakupiga, hakugomba, hakuacha watu na njaa, na neno tamu hakulitoa. Mkewe, mwanamke mcheshi, aliwaambia rafiki zake kwamba ameolewa na mizani. Alipougua, mumewe alimpa dawa kwa saa kamili, miezi mitano mfululizo, bila kukosea hata kidonge kimoja. Lakini hakuwahi kukaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono. Mama wa watu alipokwisha kuzikwa ndipo mzee alipotambua kuwa hilo nalo lilikuwa kazi yake, na kwamba hakulifanya.

Nyumba ikabaki na vyumba vitatu na mtu mmoja. Mtoto wake pekee alikuwa huyo binti, naye alifanya kazi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Miaka miwili iliyopita alihamishiwa ofisi mpya, na nyumba aliyopata ilikuwa ghorofani, mbwa hawaruhusiwi. Akamleta Meneja kwa baba yake pamoja na gunia la chakula kikavu cha mbwa, zile punje ngumu za kahawia.

"Ni kwa muda tu, baba. Unisamehe kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu," baba akasema. Kisha akauliza, "Anakula kiasi gani?"

Basi ikawa kopo moja asubuhi na kopo moja jioni, kopo dogo la maziwa ya unga, limekatwa kwa rula. Gunia lilikaa stoo, chumba kidogo nyuma ya jiko chenye kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Binti alipiga simu kila Jumapili. Walisalimiana, akauliza habari za Meneja, na mzee akajibu jibu lile lile: "Anakula makopo mawili. Hajambo."

Hakumwambia kwamba mbwa hulala ameweka kidevu juu ya mguu wake. Hakumwambia kwamba betri za redio ziliisha mwezi wa tatu tangu mbwa aje, na kwamba hakununua nyingine kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Maana alizungumza naye kweli, asubuhi mpaka jioni: habari za chuo, za wapishi wezi, za ile chumvi. Meneja alisikiliza yote bila kumkatiza, jambo ambalo mameneja wengine saba hawakuliweza. Mzee alikuwa mpweke, na mbwa yule alikuwa ameukata upweke wake katikati. Lakini mambo kama hayo unayatamkaje kwenye simu?

Jumapili moja binti akapiga simu na habari nyingine.

"Baba, nimepata nyumba ya chini, ina uwanja mkubwa. Nitakuja Jumamosi nimchukue Meneja. Nimekutesa vya kutosha."

Mzee alimtazama Meneja aliyelala mguuni pake.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Sawa. Nitaandaa makabidhiano."

Alhamisi baada ya chakula cha mchana akaanza. Mtu mwingine angefunga mdomo wa gunia akamwachia mwenyewe, basi. Yeye alitandika turubai sakafuni mwa stoo, akamwaga chakula chote, akaanza kukipima kopo kwa kopo, rula mkononi, akitia kwenye ndoo mbili. Yalikuwa makopo sitini na manne. Kilichobaki ni kurudisha chakula guniani na kulishona, kwa sababu gunia likikabidhiwa bila kushonwa, atakayelipokea atasema hivi na wewe utasema vile. Akamalizia hesabu, akainuka kutafuta sindano ya gunia, akaunyoosha mgongo. Makopo sitini na manne, siku thelathini na mbili. Siku zote hizo Meneja atazilia mahali pengine.

Ndipo macho yalipomjaa. Hakulia kwenye mazishi ya mkewe, na sasa alikuwa analia stoo juu ya ndoo za chakula cha mbwa. Aliona aibu. Na jambo la kuchekesha, kama mtu anaweza kulicheka, ni kwamba hakutaka Meneja amwone. Akatoka haraka, akapita nyuma ya nyumba mpaka kwenye bomba, akanawa uso, machozi yakaja tena, akanawa tena. Mwisho akakaa juu ya tofali, akauacha mwili ulie mpaka utosheke. Mlango wa stoo aliuacha wazi. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi na sita ya kustaafu hakuwahi kufanya hivyo.

Aliporudi, ndoo moja ilikuwa imelala ubavu. Meneja alikuwa ameketi katikati ya turubai, miguu ya mbele imetanuka, anahema kwa mdomo wazi. Tumbo lilikuwa limetokeza pande zote mbili. Alijaribu kutingisha mkia, ukagonga sakafu mara moja, ukanyamaza.

"Umefanya nini?" mzee akamuuliza. "Meneja, umefanya nini?"

Mtu wa kawaida angepiga kelele. Mzee Kipimo alichukua kopo na rula, akapiga magoti, akapima upya kilichobaki. Vilikuwa vipimo hamsini na vitatu. Makopo kumi na moja yalikuwa tumboni, posho ya siku tano na nusu kwa mlo mmoja. Ndipo akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mbali, kwenye zizi la mtu, ng'ombe wanasikika nyuma ya sauti yake.

"Shikamoo mzee. Amekula kiasi gani? Usiniambie kingi kidogo, maana ndivyo kila mtu anavyoniambia."

"Makopo kumi na moja. Kila kopo gramu mia na hamsini, likikatwa."

"Likikatwa?"

"Kwa rula."

Ng'ombe akalia. "Mzee, laiti wote wangekuwa kama wewe. Sasa nisikilize vizuri. Chakula kikavu kikikutana na maji kinavimba, kwa hiyo usimwachie ndoo ya maji. Mpe kidogo kidogo, vijiko vichache, kila baada ya muda. Usimtapishe kwa nguvu. Usimkande tumbo. Mtembeze polepole, asikimbie. Kitu cha kuogopa ni kimoja. Tumbo likizidi kukua na kuwa gumu kama ngoma, na yeye anataka kutapika lakini hatoi kitu ila povu, ujue limejipinda. Hapo usingoje, nipigie nije mbio, kwa sababu hilo halisubiri kesho. Jioni nitapita hapo vyovyote iwavyo."

"Anaweza kufa?"

"Likijipinda, ndiyo, mzee. Anaweza."

Mzee alimfunga Meneja mnyororo, wakatoka. Ni miaka minne, tangu mazishi, hakuwa amepita mtaani kwake ila kwenda dukani na kurudi, kichwa chini. Sasa alipita hatua kwa hatua, mbwa anayumba kama mzigo uliofungwa vibaya, na kila baada ya nyumba mbili wanasimama ili apumue. Kichwani mlikuwa na neno moja tu la daktari: likizidi kukua. Atajuaje kama tumbo linazidi au limetulia? Jicho si kipimo. Jicho linaona linachokitaka.

Nyumba ya nne mkono wa kushoto alikaa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, rafiki wa marehemu mkewe. Tangu mazishi hawakuzungumza zaidi ya salamu. Mzee akasimama mlangoni kwake.

"Hodi, shemeji."

Cherehani ikanyamaza. "Karibu! Leo jua limetokea wapi?"

"Naomba uniazime futi. Ya kupimia viuno."

Fundi alimtazama yeye, akamtazama mbwa, akaelewa nusu, nusu nyingine akaambiwa. Hakuiazima futi yake. Alitoka nayo shingoni, akapiga magoti kwenye vumbi, akaizungusha tumboni mwa Meneja pasipo kuibana.

"Themanini na mbili," akasema. "Nimepima maharusi, nimepima wajawazito, nimepima mtu aliyekataa katakata kuwa amenenepa. Mbwa huyu wa kwanza. Tumshonee nini?"

Mzee hakucheka. "Tupime tena baada ya nusu saa, shemeji."

Wakawa wanatembea pamoja, kutoka mlango wa fundi mpaka nguzo ya umeme, kutoka nguzo mpaka mlango. Nusu saa ya kwanza ilikuwa themanini na tatu. Mzee akasema tumbo linakua. Fundi akasema sentimita moja ni pumzi. Meneja akasimama, akainamisha kichwa, akakaza shingo, akakohoa kama anayetaka kutapika, hakutoa kitu. Mzee akapiga magoti mbele yake, akamtazama mdomoni atafute povu.

"Usife," akamwambia. "Jumamosi bado."

Fundi alisikia. Alingoja mpaka mbwa alipoanza tena kutembea, hajatoa povu.

"Jumamosi kuna nini?"

"Mwenyewe anakuja kumchukua. Binti yangu."

"Na wewe umemwambia kwamba unamtaka?"

"Ni mali yake, shemeji. Niliachiwa kutunza."

"Sikukuuliza ni mali ya nani." Fundi alikuwa na ulimi, na hakuwahi kuulipia kodi. "Mkeo alikuwa akija kwangu, anakaa kwenye kile kigoda pale, anasema, huyu bwana ananipenda, ila inabidi nikisie. Miaka yote alikisia, maskini. Mimi nilimwambia akuulize. Akasema hapana, utaona aibu, tukuache. Sasa yule alikuwa na subira ya kukisia. Huyu binti yuko mbali. Atakisia nini kwenye simu? Mficha maradhi, shemeji, kifo humuumbua."

Mzee aliushika mnyororo vizuri. Alitembea. Lakini moyoni alikuwa amejua jambo jipya kuhusu mkewe, kwamba alijua kuwa anapendwa. Liliingia kwa furaha na kwa maumivu kwa wakati mmoja, akashindwa kusema ni lipi lilikuwa kubwa.

Nusu saa ya pili ilikuwa themanini na tatu. Ya tatu, themanini na mbili. Wakampa vijiko vitatu vya maji, akanywa, akataka zaidi, wakamnyima. Halafu, jua likiwa limeanza kuegemea, Meneja alivuta mnyororo kuelekea kwenye majani karibu na nguzo, akazunguka mara mbili, akainama, na akafanya mbele ya hadhara kazi moja ndefu, nzito, isiyo na haraka.

"Shukuru Mungu!" fundi akapiga makofi.

"Meneja wa kwanza niliyemwona anafanya kazi," mzee akasema.

Fundi alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, na mzee naye akajikuta anacheka, kicheko chenye kutu kilichokwama katikati ya koo. Daktari alipofika na pikipiki yake, futi ilikuwa sabini na nane. Alimgusa mbwa tumbo, akamsikiliza, akasema limelegea, hatari imepita, kesho asile, keshokutwa apewe nusu ya nusu.

"Ataweza kusafiri Jumamosi?" mzee akauliza.

"Bila shida."

Jibu hilo alikuwa amelitarajia, na lilimuumiza vile vile. Angeweza kuuficha ukweli. Neno moja tu kwa simu, mbwa mgonjwa, usije, na angepata wiki mbili, pengine mwezi. Alilifikiria Ijumaa nzima, huku Meneja kalala ameweka kidevu mguuni pake. Lakini mtu hawezi kuwa mwaminifu juu ya chumvi miaka thelathini na mmoja, halafu aje kumwibia mwanawe mwenyewe.

Jumamosi saa nne asubuhi gari likasimama. Meneja alilijua hata kabla mlango haujafunguliwa. Alipiga kelele, akaruka, akamzunguka binti, akamlamba mikono, akalia kama mtoto. Kisha akarukia kiti cha nyuma mwenyewe, akakaa, tayari kwa safari. Hakugeuka kuangalia nyumba. Mzee aliona yote hayo akiwa amesimama kizingitini, akasema kimoyomoyo kwamba mbwa hana kosa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Juu ya meza vitu vilikuwa vimepangwa: mnyororo, bakuli, kadi ya chanjo, brashi. Gunia lilikuwa limesimama pembeni, limeshonwa. Binti alitabasamu. Alikuwa mtoto wa mtunza ghala, alijua taratibu, na tangu utotoni waliyafanya makabidhiano kama mchezo. Akasimama upande wa pili wa meza, akakunja mikono.

"Haya, mtunza ghala. Kuna upungufu?"

"Upo," mzee akasema. "Makopo kumi na moja ya chakula."

"Sababu ya upungufu?"

"Mlango uliachwa wazi. Mbwa akaingia akala yote kwa mara moja. Aliumwa. Amepona."

Tabasamu la binti likapungua. "Uliachwa wazi na nani?"

"Na mtunza ghala."

"Wewe, baba? Wewe uliacha mlango wa stoo wazi?" Hakuwa akilaumu, alishindwa tu kuamini. "Ulikuwa wapi?"

Mzee alitazama gunia. Angeweza kusema alikuwa dukani.

"Mtunza ghala alikuwa nyuma ya nyumba," akasema. "Analia."

Gari nje lilisikika likitikisika, Meneja anahangaika kitini.

"Analilia nini?" binti akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbwa. Alianza na mbwa. Halafu mama yako. Halafu..." Akamnyooshea binti kidole, kama anavyohesabu gunia la mwisho.

Binti alikaa kwenye kiti bila kukitazama. "Baba, kila Jumapili nakuuliza habari za Meneja, unaniambia anakula makopo mawili. Hujawahi kuniambia kingine. Mimi nikadhani umemchoka, unanihesabia mzigo wangu. Nimehama nyumba nzuri ya karibu na kazi, nimekwenda kuishi mbali kwa ajili ya ule uwanja. Ili nikutue, baba! Mimi mwenyewe nilitaka akae na wewe."

"Sikujua kusema vingine," mzee akasema.

Mzee naye akakaa. Halafu binti akafuta macho kwa kiganja, akainuka, akaichukua kadi ya chanjo, akaiweka mkononi mwa baba yake.

"Atabaki."

"Nimeshakabidhi."

"Nimepokea. Na sasa mimi ndiye ninayekukabidhi wewe. Hivyo navyo si utaratibu?"

Mzee alifikiri kwa makini, akakiri kuwa ni utaratibu.

Binti alikaa nao mpaka saa nane. Alipika, wakala, akacheka habari za futi mpaka akakohoa. Aliposimama kuaga, mzee alimsindikiza hadi garini, akashika mlango kama mtu anayetaka kusema neno akitafuta pa kulianzia.

"Uje," akasema. "Si kwa ajili ya mbwa."

"Mwisho wa mwezi, baba. Nakuahidi."

Kumtoa Meneja garini ilikuwa kazi ya watu wawili. Alikuwa amejua anakwenda. Walimvuta, akakaza miguu, wakambeba, na mzee akamshikilia kwa mikono yote miwili gari lilipoondoka. Mbwa alilia kwa sauti moja ndefu mpaka gari lilipopinda kona, na hata baada ya hapo. Chakula cha jioni hakukigusa. Alilala langoni, pua imetokeza chini ya lango, macho barabarani. Mzee akaleta kiti akakaa kando yake.

"Siku ishirini na mbili," akamwambia.

Meneja hakujua siku ni nini. Aliendelea kuitazama barabara, na mzee, ambaye alijua vizuri siku ishirini na mbili zina urefu gani, akaitazama pamoja naye.